Ada, Mchango na Bima: Historia ya Malipo ya Matibabu katika Kaya za Vijijini Tanzania

Mtu akipatwa na maradhi, Waswahili husema kuwa anaugua. Na yule amtunzaye husemwa kuwa anauguza. Kwa umbo lake kitenzi -uguza ni cha namna ya kusababisha, kama vile -punguza hutokana na -pungua, na -unguza hutokana na -ungua. Lakini maana yake haifuati umbo. Apunguzaye hukifanya kitu kipungue, na aunguzaye hukifanya kiungue. Bali auguzaye hamfanyi mwenziwe awe mgonjwa. Yeye huuchukua ugonjwa wa mwenziwe: humwosha, humpikia, humpeleka kwa tabibu, hukesha naye, na mwishowe hulipa. Lugha, basi, imekwisha kueleza jambo ambalo hesabu za serikali zimechelewa kuliona, nalo ni kwamba maradhi ya mtu mmoja ni gharama ya nyumba nzima.

Makala haya yachunguza jinsi kaya za vijijini Tanzania Bara zilivyolipia matibabu tangu mwisho wa karne ya 19 hata leo, kwa kuyafuata maneno yaliyotumiwa kuyataja malipo hayo. Katika muda huo yalitawala kwa zamu maneno manne: ada, bure, mchango na bima. Kila neno lilikuja na utaratibu wake, na kila utaratibu ulidai kuwa umemwondolea mkulima mzigo fulani. Ukweli ni kwamba mkulima hakuacha kulipa hata siku moja. Kilichobadilika ni jina la malipo, mkono uliopokea, na zaidi ya yote wakati wa kulipa. Hilo la mwisho ndilo lililosahauliwa mara nyingi, ijapokuwa ndilo lenye kuamua kama nyumba itasimama au itaanguka.

I. Ada ya mganga

Neno ada asili yake ni Kiarabu, nako maana yake ni desturi au mazoea. Katika Kiswahili limebaki na maana hiyo katika usemi kama "ada na desturi", lakini limepata na maana ya pili, yaani malipo yaliyowekwa na mazoea. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Ada si bei. Bei hupatanwa sokoni baina ya watu wasiojuana, na kila mmoja huvutia upande wake. Ada hujulikana kabla ya kuulizwa, na mtu huitoa kwa kuwa ndivyo itolewavyo. Ada si ujira pia, kwani ujira hupimwa kwa kazi iliyofanywa. Mganga, mkunga, kungwi na mwalimu wa chuoni wote walipewa ada, na hakuna aliyesemwa kuwa ameuza kitu.

Habari za waganga wa pwani zimeelezwa kwa kirefu katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa yatokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Msomaji wa kitabu hicho haoni popote kwamba uganga wa zamani ulikuwa rahisi. Pungwa ilitaka chakula, ubani, ngoma na watu wa kulishwa, na jamaa za mgonjwa ndio waliobeba yote hayo. Hivyo si haki kuzisifu siku za kale kana kwamba mgonjwa alitibiwa kwa maneno matupu.

Hata hivyo ada ya mganga, pwani na bara, ilikuwa na sifa tatu ambazo malipo ya baadaye yalizipoteza. Kwanza, aghalabu iligawanywa: kitu kidogo kilitolewa ili kazi ianze, na sehemu kubwa ilingoja mgonjwa apone. Pili, haikuwa lazima iwe fedha. Kuku, mbuzi, nguo au nafaka vilikubaliwa, na pengine hata kazi ya mikono. Tatu, mganga alikuwa jirani au mtu ajulikanaye. Aliijua nyumba na kilichomo, na aliweza kungoja mavuno. Deni lake lilikuwa deni baina ya watu, wala halikumfungia mgonjwa mlango. Methali isemayo kuwa dawa ya deni ni kulipa yakubali kwamba deni lipo kwanza, na malipo huja nyuma yake.

II. Kodi na dawa ya serikali

Utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, nayo ikamlazimisha mkulima kutafuta rupia hata pale alipokuwa hana haja nayo. Jambo hili lahusiana na matibabu kwa njia mbili. Kwanza, fedha taslimu iliingia katika hesabu ya nyumba ya shamba, na mahali palipokuwa pakitosha mbuzi pakaanza kutakiwa sarafu. Pili, kodi ndiyo iliyokuja kugharimia matibabu ya kwanza ya kizungu huko vijijini.

Chini ya Waingereza, tangu mwaka 1926, tawala za wenyeji zilianza kuweka zahanati ndogo zilizoendeshwa na vijana waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, ambao watu waliwaita madresa. Mishahara yao na dawa zao zilitoka katika hazina za wenyeji, yaani katika fungu la kodi lililorudishwa wilayani. Mkulima aliyekwenda kutibiwa kidonda hakuulizwa kitu mlangoni, naye akadhani ametibiwa kwa hisani. Lakini alikuwa amekwisha kulipa, yeye na jirani yake aliyekuwa mzima, siku ile walipokata tiketi ya kodi. Kwa mara ya kwanza katika vijiji hivyo, malipo yalitenganishwa na siku ya ugonjwa. Na kwa mara ya kwanza mzima alimlipia mgonjwa bila ya kumjua. Hakuna aliyelitungia tendo hilo jina la Kiswahili. Mkulima aliliita kodi tu, akalichukia, na hakuliunganisha na chupa ya dawa.

Hospitali za misheni zilikwenda njia nyingine. Nyingi zilitegemea sadaka za ng'ambo pamoja na malipo madogo ya wagonjwa, yawe fedha au mazao. Katika wilaya ya Masasi, kwa mfano, daktari Leader Stirling wa misheni ya UMCA alifanya kazi Lulindi tangu miaka ya 1930 katika majengo ya miti na nyasi. Na huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania katika miaka ya 1970. Kwa mgonjwa aliyetoka mbali, malipo ya dirishani yalikuwa sehemu ndogo ya gharama. Palikuwa na safari ya siku nyingi, watu wa kumbeba, unga wa kula njiani, na shamba lililoachwa bila ya mtu wa kulipalilia. Gharama hizi hazikuandikwa katika daftari lolote, na hata leo nyingi haziandikwi.

III. Bure

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 tu, na zahanati zilikuwa kama 1,000. Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na profesa Richard Titmuss wa London ilitoa taarifa juu ya huduma za afya za nchi, ikisisitiza vituo vya vijijini kuliko mahospitali makubwa ya mijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaipa fikra hiyo nguvu ya siasa. Katika miaka ya 1970 ujenzi ulikwenda mbio pamoja na uundaji wa vijiji, hata kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilipita 200 na zahanati zilipita 2,000. Mwaka 1977 sheria ilizuia utabibu wa watu binafsi kwa faida. Neno lililotawala wakati huo lilikuwa fupi: bure.

Neno hili lina maana mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Na kazi bure ni kazi isiyozaa kitu. Aliyekwenda bure ameweza kwenda pasipo nauli, au amekwenda na kurudi mikono mitupu. Kwa miaka kama kumi hivi maana ya kwanza ndiyo iliyosimama. Watoto walichanjwa, wajawazito walipimwa, na kwa kaya nyingi umbali wa kwenda zahanati ulipungua kutoka safari ya siku hata mwendo wa saa moja au mbili. Asiyelitambua jambo hilo atashindwa kueleza kwa nini wazee wengi wa vijijini bado hulitaja neno bure kwa heshima.

Ndipo ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza hazina, na mazao ya biashara yakashuka bei. Majengo yalibaki, dawa zikaondoka. Mpango wa dawa muhimu ulioanza karibu na mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark na UNICEF ulipeleka maboksi ya dawa kila mwezi katika zahanati, nao uliokoa mengi. Hata hivyo boksi lililofunguliwa mwanzo wa mwezi mara nyingi lilikwisha kabla ya mwezi kuisha. Mgonjwa aliandikiwa dawa bure na kuambiwa akanunue dukani. Mwuguzaji alirudi na kipande cha karatasi, akauza debe la mahindi, akaenda mjini. Hapo neno bure lilihama taratibu kutoka maana yake ya kwanza kwenda ya pili, ingawa serikalini liliendelea kuandikwa kwa maana ya kwanza. Ni kosa, basi, kudhani kwamba malipo ya mfukoni yaliletwa na sheria za baadaye. Sheria ziliyakuta tayari.

IV. Mchango

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha mapendekezo yake juu ya kugharimia huduma za afya katika nchi maskini, na mwaka huo huo mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako na kukubali kwamba wananchi wachangie gharama za dawa. Tanzania iliruhusu tena utabibu wa binafsi mwaka 1991, na Julai 1993 ikaanza kutoza malipo hospitalini kwa hatua, kuanzia hospitali kubwa na kushuka hata za wilaya. Utaratibu huo uliitwa uchangiaji wa gharama, au kwa ufupi kuchangia.

Neno hili lataka kutazamwa kwa makini. Kuchanga ni kitendo cha wengi. Watu huchanga kwa ajili ya arusi, msiba, ujenzi wa msikiti, kanisa au shule. Kila mmoja hutoa kidogo, na jumla humfikia mmoja mwenye haja. Vyama vya kufa na kuzikana, vilivyo vingi mijini na vijijini, vyasimama juu ya maana hiyo. Haba na haba, kama isemwavyo, hujaza kibaba. Na kibaba hicho hupewa aliyefikwa. Mchango, kwa asili yake, hutoka kwa walio wazima kwenda kwa mgonjwa.

Dirishani pa hospitali mambo yaligeuka. Aliyetakiwa kuchanga alikuwa yule yule aliyefikwa. Alitoa peke yake, siku ya dhiki yake, na kiasi hakikutegemea uwezo wake bali maradhi yake: aliyeumwa zaidi alichanga zaidi. Kwa maana kamili ya Kiswahili hiyo haikuwa mchango, ilikuwa bei. Pengine walioteua neno hilo walitaka kusema kwamba mgonjwa hakulipa gharama yote, na kwamba serikali ilibeba sehemu kubwa, jambo ambalo ni kweli. Lakini neno liliazima heshima ya desturi ya kusaidiana ili kuupamba utaratibu uliokuwa kinyume chake.

Pamoja na uchangiaji lilikuja neno msamaha. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, na wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma walisamehewa. Wasiojiweza nao waliweza kusamehewa baada ya kuthibitishwa. Kusamehe, katika lugha ya kila siku, hutanguliwa na kosa au deni. Maskini alilazimika kupata barua kwa viongozi wa kijiji, kisha aionyeshe hospitalini, ili asamehewe umaskini wake. Wengi walivumilia maradhi kuliko kuomba barua. Na mjamzito aliyesamehewa malipo aliambiwa mara nyingi aje na mipira ya mikono, wembe, pamba na uzi wa kufungia kitovu, vitu ambavyo havikuitwa malipo ila vilinunuliwa kwa fedha. Methali yasema mgonjwa haulizwi uji. Hapa mgonjwa aliulizwa uji, na bakuli pia.

Jambo zito zaidi lilikuwa wakati. Katika sehemu nyingi za nchi malaria huzidi wakati wa masika na mara baada yake, wakati ambao ghala ni tupu na mazao yangali shambani. Fedha huja baadaye, pamba au mahindi yakisha uzwa. Ada ya mganga iliweza kungoja miezi hiyo. Dirisha la hospitali halikungoja. Kaya iliyokuwa na mbuzi iliuza mbuzi. Isiyokuwa naye iliuza mahindi machanga shambani kwa bei ya chini, au ilikopa. Nyumba ilipona homa ikabaki na njaa ya mwaka uliofuata.

Nchi jirani zilipita njia hiyo hiyo kwa mwendo tofauti. Kenya ilianza kutoza malipo mwisho wa mwaka 1989, ikayasimamisha kwa wagonjwa wa nje mwaka 1990 baada ya mahudhurio kupungua, kisha ikayarudisha hatua kwa hatua. Mwaka 2004 iliyashusha yawe shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 ikayafuta katika ngazi hizo. Uganda iliyafuta katika vituo vya serikali mwaka 2001, na wagonjwa waliokwenda kutibiwa wakaongezeka sana. Katika nchi zote mbili kufutwa kwa malipo hakukumaliza safari ya dukani pale dawa zilipokosekana.

V. Mfuko na bima

Nchini Tanzania ilitafutwa njia ya kati. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga katika mkoa wa Tabora ilijaribu Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ilitoa kiasi kimoja kwa mwaka, ikapata kadi, na wenye kadi walitibiwa pasipo kulipa tena. Serikali iliongeza fedha sawasawa na zile zilizokusanywa, utaratibu uliopewa jina zuri la tele kwa tele. Sheria ya mwaka 2001 iliueneza mpango huo katika wilaya nyingine.

Neno mfuko lilifaa. Mfuko ni ule wa nguo, na mfuko ni fedha zilizowekwa pamoja kwa kazi moja. Historia yote ya jambo hili yaweza kusemwa kuwa ni jitihada ya kuhamisha fedha kutoka mfuko wa kwanza kwenda wa pili kabla ya homa kufika. Tena hapa neno mchango lilirudi mahali pake, kwani wazima walitoa na wagonjwa wakatibiwa. Igunga ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mahali kama hapo fedha huwapo kwa msimu, na malipo ya mara moja kwa mwaka yangeweza kufuata mauzo.

Lakini katika wilaya nyingi waliojiunga walikuwa wachache. Sababu hazikuwa ujinga wa wakulima, kama ilivyosemwa mara nyingi. Kadi kwa kawaida ilitumika katika kituo cha karibu tu, na mgonjwa aliyepelekwa mbali ililazimu alipe tena. Mwenye kadi aliyekuta dawa hakuna alinunua dukani sawa na asiye na kadi. Zaidi ya hayo, kujiunga kulikuwa hiari, nayo hiari huwavuta kwanza wale wanaotazamia kuugua. Mpango ulioboreshwa na kuenezwa tangu mwaka 2018 uliweka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 na kuruhusu matibabu hata hospitali ya mkoa. Hapo likazuka swali la maana ya kaya. Kwa mwandishi wa takwimu kaya ni watu walao chungu kimoja. Kwa mkulima wanaouguzwa ni pamoja na mama mzazi aliye kijiji cha pili na watoto wa ndugu aliyefariki. Idadi ya 6 yafaa kwa daftari kuliko kwa ukoo.

Waajiriwa wa serikali walipata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya 1999, ulioanza kazi mwaka 2001, ambapo asilimia 6 ya mshahara hutolewa kila mwezi, nusu na mwajiri na nusu na mwajiriwa. Mwenye mshahara hulipa bila ya kuishika fedha. Mkulima hana mwezi wala mshahara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yakusudia kuziunganisha njia hizi mbili. Neno bima limetujia kutoka Bara Hindi, na asili yake katika Kiajemi ni neno lenye maana ya hofu. Mkulima haitaji kufundishwa hofu ya ugonjwa, anayo. Analotaka kujua ni kama kadi itaijibu hofu hiyo siku itakapofika, na kama fedha yake itaombwa wakati anayo.

VI. Hitimisho

Maelezo haya yaonyesha nyakati tatu za kulipa. Ada ililipwa zaidi baada ya kupona. Bei iliyoitwa mchango hulipwa saa ya kuumwa. Bima hulipwa kabla ya kuumwa. Kodi nayo ililipwa kabla, ijapokuwa mlipaji hakujua. Katika nyakati hizo, saa ya kuumwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwani ndipo nguvu kazi imepungua na fedha haipo. Utaratibu wowote utakaoondoa malipo saa hiyo utakuwa umemfaa mkulima, uitwe ada, kodi au bima. Na wowote utakaoyaacha pale utamdhuru, hata ukiitwa mchango.

Kuna na faida nyingine kwa wachunguzi. Mtu wa kijijini akiulizwa, "Ulilipa kiasi gani kwa matibabu?" hujibu kwa kutaja fedha aliyoitoa dirishani, kwa kuwa hiyo ndiyo iitwayo kulipa. Nauli, unga wa mwuguzaji, dawa ya dukani, mipira ya mikono, riba ya mkopo na mahindi yaliyouzwa machanga havimo katika kitenzi hicho. Akiulizwa, "Kumwuguza huyu kuligharimu nini?" atayataja moja baada ya jingine, kwani lugha yake imeyaweka yote chini ya neno hilo. Madodoso mengi hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa. Na katika tafsiri hiyo kitenzi -lipa huchaguliwa bila ya kufikiriwa. Hesabu zitokazo humo ni pungufu, na upungufu wake waangukia nyumba zile zile zilizotumia zaidi. Kulirekebisha neno moja katika dodoso hakuhitaji fedha, nako kwaweza kuonyesha gharama ambazo daftari za hospitali hazikuziandika kamwe.